Picha ya Nini? Uchoraji wa Kidhahania, Mwalimu Mstaafu na Msamiati wa Rangi Mjini Malava

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laonekana kuwa mbali na jarida la wanafunzi wa Kiswahili: uchoraji wa kidhahania kama kazi ya pili ya mtu aliyekwisha kustaafu. Tumeamua kulitazama kutoka Malava, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, katika nchi ya Wakabarasi, penye mashamba ya miwa na kipande cha msitu ambacho zamani kiliungana na msitu mkubwa wa Kakamega. Tungeweza kuchagua Nairobi. Huko ndiko kilikoanzishwa kituo cha Paa ya Paa mnamo 1965, na ndiko majumba ya maonyesho na wanunuzi wa picha walikojikusanya. Lakini mchoraji wa Nairobi hutazamwa na watu waliokuja kutazama picha. Mchoraji wa Malava hutazamwa na jirani aliyekuja kuazima jembe.

Tumchukue, kwa ajili ya mjadala, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Tangu 2009, umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma nchini Kenya, walimu wakiwemo, ulipopandishwa kutoka miaka 55 hadi 60, mwalimu huyo huondoka darasani akiwa na mvi lakini bado ana nguvu. Malava inajua vyema anachopaswa kufanya baada ya hapo: kupanda miwa, kufuga ng'ombe wa maziwa, kufungua duka la pembejeo, au kuwa mzee wa kanisa. Akinunua kitambaa cha turubai na mikebe ya rangi kwa fedha za kiinua mgongo, kisha akakaa uani akipaka mabaka yasiyofanana na kitu chochote, hana budi kujieleza. Na atajieleza kwa lugha gani? Yamkini kwa Lukabarasi, lakini akiwa mwalimu, tena mbele ya wageni, wajukuu na wanunuzi, ni kwa Kiswahili. Hapo ndipo suala hili linapoingia katika uwanja wetu.

A-unganifu na swali la jirani

Jirani atauliza, "Mwalimu, hii ni picha ya nini?" (Msomaji atambue kwamba mwalimu haachi kuitwa Mwalimu kwa sababu amestaafu, hilo ni jina la kudumu.) Swali hili si la ujinga, na wala halionyeshi uadui dhidi ya sanaa. Ni swali linalotokana na sarufi. Nomino "picha" huelekea kuvuta nyuma yake kihusishi cha a-unganifu: picha ya mtu, picha ya mlima, picha ya harusi. Ukisema "picha" ukanyamaza, msikilizaji husubiri. Lugha imekwisha kuahidi kwamba kuna kitu upande wa pili wa "ya", na mchoraji wa kidhahania ni mtu anayekataa kutimiza ahadi hiyo.

Hata hivyo, jirani huyohuyo akimwona mke wa mwalimu amejifunga kitenge chenye duara, pembe na mistari iliyopishana, hawezi kuuliza, "Hiki ni kitenge cha nini?" Akiuliza hivyo, atakuwa anauliza kuhusu sherehe anayokwenda. Mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi mbili hauulizwi unaonyesha nini. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina lake husomwa, lakini hakuna anayedai kwamba maua ya kwenye mji yatafsiri maneno ya kwenye jina. Hivyo basi watu wetu hawajakosa uzoefu wa kutazama rangi na maumbo yasiyoiga kitu. Wanao tele, wanauvaa na kuulalia. Kinachowakwaza ni kuuona uzoefu huo umeingizwa ndani ya neno "picha".

Istilahi tunayoitumia inaongeza uzito huo badala ya kuupunguza. "Dhahania" ni neno tulilolipata kutoka kwa Kiarabu, na asili yake inahusu akili au fikira. Ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe, wanapotaja sanaa ya aina hii, hawatumii neno hilo. Hutumia neno la mzizi mwingine lenye maana ya kuvua, yaani kukiondolea kitu vazi lake. Neno la Kilatini ambalo lugha nyingi za Ulaya zililifuata lina maana ya kuvuta kitu kutoka mahali kilipo. Kwa mintarafu hiyo, wengine wanataja tendo la kuondoa, nasi tunataja mahali pa kufikiria. Athari yake kwa mtazamaji ni kubwa. Akiambiwa kwamba picha ni ya kidhahania, hudhani kuna jambo limefichwa kichwani mwa mchoraji, na kwamba kazi yake yeye ni kulifumbua kama kitendawili. Huinamisha shingo kushoto, huinamisha kulia, akimtafuta mbuzi aliyejificha katikati ya rangi. Asipomwona, huondoka akiamini ama yeye ni mjinga, ama mwalimu ameanza kupotewa na akili.

Hatupendekezi neno "dhahania" litupwe. Limekwisha kuzoeleka, na kubuni istilahi mpya kila tunapokwazwa ni maradhi ya vyama vya wanafunzi. Tunachosema ni kwamba Kiswahili tayari kina njia nyingine ya kulieleza jambo hili, tena njia ambayo mwalimu wetu aliifundisha miaka mingi bila kuihusisha na brashi.

Rangi tatu zinazojisimamia

Tuyatazame majina ya rangi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye asili ya Kibantu vinavyochukua viambishi vya upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema ukuta mwekundu, kitambaa chekundu, maua mekundu, nyumba nyekundu. Rangi hizi tatu hushikana na nomino moja kwa moja, bila mpatanishi. Mnamo 1969, Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti wao kuhusu majina ya rangi katika lugha mbalimbali. Walidai kwamba lugha yenye majina matatu ya msingi huwa na ya weupe, weusi na wekundu. Nadharia yao imepingwa na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini mtu asomaye ngeli za Kiswahili hawezi kuacha kushtuka anapoona utatu uleule umekaa ndani ya viambishi vyetu.

Rangi zilizosalia zote zinahitaji shahidi. Kijani imetoka kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa. Manjano ni kiungo cha pilau kabla hakijawa rangi. Zambarau ni tunda, waridi ni ua, samawati ni mbingu, na rangi ya machungwa haijifichi hata kidogo. Kuna maji ya kunde, ambayo ni rangi ya mwili wa mtu. Kuna pia damu ya mzee, jina la wekundu uliokolea na kuelekea weusi, ambalo mchoraji aliyevuka miaka 60 ana haki ya kulidai kuwa lake kuliko mtu mwingine yeyote. Na katika sarufi, rangi hizi kwa kawaida hurudi kwenye a-unganifu: kitambaa cha kijani, ukuta wa manjano, shati la rangi ya kahawia. Ni kihusishi kilekile kilichomtatiza jirani yetu. Kila ukitaja rangi hizi, kitu fulani huletwa mahakamani kutoa ushahidi.

Tazama sasa kinachotokea tukiviondoa vivumishi vile vitatu kwenye vitu vyao. Kwa kiambishi cha u-, tunapata weupe, weusi, wekundu. Hizi ni nomino dhahania halisi, za aina ileile aliyoiandika mwalimu ubaoni pamoja na "wema", "upendo" na "urefu". (Wanaoshabikia kandanda wasituchanganye: "Wekundu" wa Msimbazi ni watu, ngeli ya A-WA katika wingi, si sifa iliyofanywa nomino.) Wekundu ni kile kinachobaki baada ya kuondoa ukuta, kitambaa, ua na nyumba. Haukufichwa kichwani mwa mtu. Unaonekana kwa macho, na unaweza kuguswa kabla haujakauka.

Hii ndiyo hoja kuu ya makala haya. Kiswahili huunda udhahania kwa kuvua, kama afanyavyo mchoraji, ingawa jina tulilolipa tendo hilo linatuelekeza kwingine. Mwalimu akiulizwa picha yake ni ya nini, ana jibu lililo sahihi kisarufi na la kweli kisanaa: ni wekundu. Si wekundu wa kitu. Na iwapo jirani aliwahi kukaa darasani kwake, anazo nyenzo zote za kulielewa jibu hilo.

Walimu wawili na bibi mmoja

Je, yupo aliyewahi kufanya haya katika umri huo? Mfano wa karibu zaidi tulio nao nchini Kenya ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa 1928. Alisomea sanaa Makerere kati ya 1950 na 1952, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kisha akaolewa, akalea, akafundisha. Miongo mitatu na zaidi ilipita. Aliporejea kwenye sanaa mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa amestaafu ualimu na anakaribia miaka 60. Alifanyia kazi Paa ya Paa, na mnamo 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum la Harlem, New York. Alifariki Februari 2021 nchini Ireland.

Inafaa tuseme wazi kwamba Karuga hakuwa mchoraji wa kidhahania. Picha zake zina wanyama, wanawake, vijiji. Lakini mtazame anavyozitengeneza. Hakuwa na fedha za rangi, kwa hiyo alikata vipande vya karatasi kutoka pakiti za unga na vifungashio vya sabuni ya Rexona, akavibandika kimoja kando ya kingine. Ukisimama mbali, unaona swara. Ukikaribia, swara anatoweka na kubaki weupe wa pakiti ya unga umeegemea kijani cha sabuni. Umbali wa hatua tatu hivi ndio unaotenga picha ya kitu na rangi tupu, na Karuga alikaa kwenye mpaka huo kwa miaka mingi akitumia takataka za jikoni. Mwalimu wa Malava asiyeweza kumudu rangi za dukani ana la kujifunza hapo.

Aliyevuka mpaka wenyewe ni mwalimu mwingine, wa mbali. Alma Thomas alizaliwa Georgia, Marekani, mnamo 1891. Alifundisha sanaa katika shule moja ya Washington kuanzia 1924 hadi 1960, miaka 35 mfululizo. Alistaafu akiwa na miaka 68, na picha zilizompa jina alizichora baada ya hapo, ilhali yabisi ya viungo ikimsumbua mikononi: vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa kwa mistari na duara. Alizianza kwa kutazama majani ya mti nje ya dirisha lake na namna mwanga ulivyoyavunjavunja. Mnamo 1972, akiwa na miaka 80, jumba la Whitney la New York lilifanya maonyesho ya kazi zake peke yake. Hakuna mwanamke Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa amepewa heshima hiyo kabla yake.

Tukiwalinganisha wawili hawa, tunaona kwamba hakuna kati yao aliyeianza sanaa uzeeni kwa maana kamili ya kuanza. Walikuwa nayo ujanani, wakaifungia sandukuni, ualimu ukawalisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nao walikuwa wahunzi tangu zamani. Walimu wengi wanaostaafu leo magharibi mwa Kenya walifundisha sanaa na ufundi katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, wakiwaonyesha watoto jinsi ya kuchapa ruwaza kwa kiazi kilichochongwa na kuloweshwa rangi. Ruwaza ile ilikuwa uchoraji wa kidhahania. Hakuna aliyewaambia.

Wa tatu hakuwa mwalimu, na pengine ndiye anayefanana zaidi na akina bibi wa Malava. Emily Kame Kngwarreye, mwenyeji wa asili wa Australia ya kati, alizaliwa yapata 1910. Alizoea tangu utotoni kupaka mistari ya sherehe kwenye miili ya wanawake. Baadaye, kuanzia 1977, akajifunza kutia rangi vitambaa vya batiki. Rangi za akriliki na kitambaa cha turubai alivipata mwishoni mwa 1988, akiwa katika miaka yake ya 70. Aliishi miaka minane tu baada ya hapo, na inakadiriwa kwamba alichora picha elfu tatu hivi. Naye aliulizwa swali la jirani yetu: hizi ni picha za nini? Alijibu kwamba ni kila kitu, kisha akataja kiazikikuu cha porini, mbegu zake, mjusi, nyasi, ndege emu, na mengineyo ya nchi yake. Jibu hilo limewasumbua wahakiki kwa sababu wanalichukua kama orodha ya vitu vilivyofichwa. Sisi tunaliona kama la mtu aliyeulizwa kwa a-unganifu, naye akaujaza upande wa pili hadi ukafurika.

Ukuta, gunia na gundi

Turudi nyumbani. Kabla ya mabati na lipu ya saruji kuenea, ukuta wa nyumba ya udongo katika nchi ya Waluhya ulikandikwa, ukasiribwa kwa udongo laini uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, halafu ukapakwa udongo wa rangi: sehemu ya chini rangi moja, ya juu nyingine, na baina yao mpaka ulionyooka au wenye mawimbi. Kazi hii ilikuwa ya wanawake, ikarudiwa hasa sikukuu zinapokaribia, na nyumba za namna hiyo bado zipo. Rangi zenyewe zilikuwa zipi? Udongo mweupe, udongo mwekundu, na weusi wa masizi au wa tope la bondeni. Ni zile tatu. Vivumishi vinavyojisimamia katika sarufi ni majina ya rangi ambazo mtu aliweza kuzichimba karibu na kwake na kuzipaka kwa kiganja.

Kiswahili kinatofautisha kuchora na kupaka. Kuchora ni kukata mstari, kuzungushia kitu mpaka. Mzee anayechora nyuso hujaribu kufananisha. Kupaka ni kueneza. Kwa bahati mbaya tumempa heshima ya "mchoraji" yule wa kwanza, na "mpaka rangi" tukamwachia fundi wa nyumba. Kwa maoni yetu, mchoraji wa kidhahania yuko karibu zaidi na mpaka rangi, na karibu zaidi na bibi aliyesiriba ukuta, kuliko alivyo karibu na mchora nyuso. Mwalimu akilikubali jina hilo la chini, kazi yake itaeleweka Malava kwa haraka zaidi.

Kuhusu vifaa tutasema machache. Udongo mwekundu una rangi kwa sababu ya kutu ya chuma iliyomo, na rangi hiyo haipauki juani, tofauti na rangi nyingi zitokanazo na maua na majani. Uchekechwe kwa kitambaa, uchanganywe na gundi nyeupe ya maseremala na maji kidogo; hushika vizuri kwenye ubao au kwenye gunia lililowambwa na kupakwa gundi kwanza. Rangi za mafuta hukauka kwa kukutana na hewa, na huweza kuchukua siku nyingi au majuma. Akriliki hukauka maji yakishatoka, mara nyingi kabla ya chai ya saa kumi. Katika eneo lenye mvua nyingi kama Kakamega, jambo hili laweza kuamua kama kazi itafanyiwa uani au ndani.

Kuna suala la macho pia. Lenzi ya jicho la mzee hugeuka manjano kidogo kidogo na kuzuia sehemu ya mwanga wa buluu. Claude Monet wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mnamo 1923, akiwa na miaka 82, akarudi kuzitazama picha alizozichora kabla na kushangazwa na rangi zake. Mwalimu wa Malava atakayeanza na nyeupe, nyeusi na nyekundu hatapungukiwa na mengi.

Kazi iliyo mbele ya mwanafunzi

Tatizo la soko lipo, na hatutajifanya hatulioni. Picha itakayokaa Malava bila mnunuzi ni fedha za kiinua mgongo zilizokauka ukutani. Lakini mnunuzi huhitaji maneno, na maneno hayo ndiyo tuliyo na wajibu wa kuyatafuta sisi tusomao Kiswahili. Kadi ndogo inayowekwa kando ya picha huandikwa jina, vifaa na mwaka. Tukiandika "Bila jina", tumemrudisha mtazamaji kwenye kumtafuta mbuzi. Tukiandika "Wekundu na Weusi, udongo na gundi juu ya gunia", tumempa mahali pa kusimama.

Tunapendekeza kwamba wanafunzi wenzetu walio katika vyuo vya magharibi, hasa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilicho umbali mfupi kutoka Malava, waanze kukusanya msamiati wa ukuta. Wawaendee akina bibi wa Kabarasi na kuwauliza: udongo mweupe unaitwaje, na ule wa bondeni, na ule uliochanganywa, mpaka kati ya rangi ya chini na ya juu una jina, mkono unapozungusha mawimbi, tendo hilo huitwaje, na je, ni tofauti na kusiriba? Waulize pia kama kuna aliyewahi kumwuliza bibi ukuta wake unaonyesha nini. Majibu yaandikwe kwa Lukabarasi kwanza, yakiwa na toni zake, kisha yatafutiwe visawe vya Kiswahili. Pale ambapo kisawe kitakosekana, neno la Lukabarasi lichukuliwe jinsi lilivyo na kupelekwa kwa mwalimu mstaafu, alijaribu kwenye kadi.